HA Isibanduke

Mtaani hawamwiti kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mtesa Fulana, na wanaopita mbele ya dirisha lake humtupia swali, "Leo unatesa ipi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Nyekundu. Haijakiri bado."

Kazi yake ni kuchapa maneno kwenye fulana. Anakata herufi kutoka kwenye plastiki nyembamba, anazipanga kifuani, anazibana kwa mashine ya joto yenye bamba zito na mpini mrefu, halafu hauzi. Hapo ndipo wachapaji wenzake wanapomcheka. Katika kila kundi huchukua fulana moja, ikafuliwa mara kumi na kuanikwa juani mara kumi. Ikitoka na herufi zake zote, ndipo zilizobaki zinaruhusiwa kwenda kwa mwenyewe. Ikipoteza hata nukta, kundi zima linarudi mezani. Zinazofeli huvaliwa na mumewe, fundi wa kuezeka mabati, ambaye kwa sababu hiyo hupanda juu ya mapaa ya watu akiwa na kifua kilichoandikwa ARIBU WAGENI. Wenye nyumba husoma mara mbili kabla ya kumshikia ngazi.

Hakuzaliwa na wasiwasi huu. Aliupata miaka miwili iliyopita, pale walimu wa shule ya jirani walipotaka fulana thelathini za kumuaga mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu. Neno moja tu kifuani: HATUTAKUSAHAU. Alichapa asubuhi, jioni akauza. Sherehe ikapita salama, watu wakalia, wakala, wakaenda nyumbani kufua. Wiki iliyofuata mstaafu akapita shuleni kuchukua miwani yake, akawakuta walimu kumi na mmoja wamesimama mstarini mbele ya wanafunzi, vifua mbele, kila kifua kikitangaza: TUTAKUSAHAU.

Alisoma kwa sauti, kidole hewani, kama alivyosoma maisha yake yote. "Tu-ta-ku-sa-ha-u." Akavaa miwani, akarudia kuhakikisha. Kisha akasema, "Basi mngesubiri angalau mwezi uishe."

Kosa halikuwa la Mtesa Fulana peke yake, lugha nayo ilichangia. Imeitwisha silabi moja mzigo wote wa kukataa, tena ikaiweka mlangoni kabisa, mahali pa kugongwa na kila anayeingia. Herufi nyingine ikidondoka, watu wanaona fulana mbovu. HA ikidondoka, wanaona msimamo mpya. Hapabaki pengo wala alama. Sentensi inasimama imenyooka, ina heshima zake, inasema kinyume.

Tangu siku hiyo wateja walianza kupita upande wa pili wa barabara. Chumba cha mbele alichofanyia kazi kilikuwa cha mama mkwe wake, mama aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita na kustaafu akiwa na mikono inayoweza kukamua jiwe. Mama mkwe aliona chumba hakiingizi kitu. Alikuwa anangoja sababu ya kukidai.

Sababu ilikuja imesuka rasta, imeshika kiuno. Ilikuwa wifi, dada wa mumewe, msusi wa sokoni na nahodha wa timu ya netiboli ya wasusi. Wasusi walikuwa wameingia fainali dhidi ya washonaji.

"Wifi, nataka fulana kumi na mbili. Zambarau. Kifuani ziandikwe HATUTASHINDWA."

Mtesa Fulana aliweka mkasi chini. "Andika TUTASHINDA, wifi yangu. Maana ni ile ile."

"Si ile ile. TUTASHINDA ni ombi. HATUTASHINDWA ni tishio."

"Nakwambia kama fundi. Silabi ya mbele ikitoka..."

"Kwani inatoka? Si ndiyo kazi yako isitoke? Washonaji wamedarizi jina lao kwa uzi, halitoki hata ulivute kwa koleo. Wewe unaniambia nichague neno kwa kuogopa povu?" Akageukia uani, akapaza sauti. "Mama! Njoo usikie, mkweo anaogopa silabi!"

Mama mkwe akaja akifuta mikono. Alisikiliza pande zote mbili, uso mkavu kama shuka la wodini.

"Mteja ataandikiwa anachotaka," alisema. "Na wewe, mwanangu, nisikilize vizuri. Zikitoka hapa zikakaa salama, chumba ni chako, sitakitaja tena mpaka naingia kaburini. Zikitoa aibu nyingine kama ile ya mwalimu, Jumatatu mashine inatoka, vioo vya saluni vinaingia. Huyu naye ananisumbua anataka chumba mwaka wa pili sasa."

"Wa tatu," wifi alisahihisha.

Kwa hiyo Mtesa Fulana akawa na mteja wa ajabu: nahodha anayetaka fulana nzuri ili asichekwe, na wifi anayetaka fulana mbovu ili apate saluni, wote ndani ya sketi moja. Wifi mwenyewe, ukimwuliza usiku huo anaombea lipi, angehitaji muda kujibu.

Alichapa kumi na mbili, akatoa moja ya mtihani. Na hapa ieleweke jinsi mtihani ulivyofanyika, kwa sababu mambo yote yaliharibikia hapa. Safari hii hakufua mwenyewe. Fundi akifua kazi yake mwenyewe humsaidia mtoto wake kwenye mtihani bila kujua. Alimpa mama mkwe. Mikono iliyowahi kung'oa damu kwenye mashuka ya chumba cha upasuaji ingeshindwa kung'oa HA? Kila asubuhi alimpelekea uani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete."

"Mama, fua kama kawaida yako. Usiihurumie."

"Mimi nguo siihurumii."

Kisha aliondoka. Huwezi kusimama juu ya kichwa cha mama mkwe wako akiwa ameinama kwenye beseni, umekunja mikono kama msimamizi. Viwanda vikubwa vina watu wa kukagua mitambo. Yeye mtambo wake uliamkiwa shikamoo kabla ya kuwashwa, na mtambo wa namna hiyo haukaguliwi. Alingoja ndani, akaletewa fulana imekamuliwa, akaanika, akasoma. Siku ya kwanza: HATUTASHINDWA. Ya pili: HATUTASHINDWA. Siku ya tisa herufi zote kumi na tatu zilikuwa zimelala kifuani kama zimezaliwa hapo. Akaanza kulala usingizi. Akaanza hata kuimba.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Fainali ilikuwa kesho yake mchana, na wifi alisema atapitia mzigo saa kumi. Saa tano na nusu asubuhi Mtesa Fulana alipita uani kuchukua vibanio, kati yake na mama mkwe pakiwa na mashuka mawili yaliyoanikwa. Akasikia maji. Akasikia povu. Asichosikia ni brashi.

Akachungulia kati ya mashuka.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, fulana ya zambarau mapajani. Akaingiza mkono ndani yake taratibu, akaigeuza nje ndani mpaka neno lote likajificha, akaibonyeza majini kwa viganja. Akaibonyeza tena. Mtoto mchanga angeogeshwa vile asingeamka.

Akasogeza shuka pembeni. "Mama..."

"Mm?"

"Mama, samahani sana. Siku zote unaifua hivyo? Ukiwa umeigeuza?"

Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo hula kwa mdomo. "Nguo yenye maandishi inageuzwa. Ndivyo tulivyofundishwa. Mashuka yote ya hospitali yalikuwa na jina la hospitali, ukilisugua likafutika unaitwa ofisini. Miaka ishirini na sita sijafuta jina. Kwani ulitaka nilisugue?"

Ulitaka nilisugue! Siku tisa za mtihani, na mwanafunzi alikuwa anapewa majibu.

Hakuna msusi atakayegeuza fulana kabla ya kuifua. Watu wanafua wakiwa na haraka, wana hasira na mtu mwingine, na mbele ndiko kwenye doa. Mtesa Fulana aliomba fulana kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa nje, akachukua brashi ya kusugulia sakafu na sabuni ya mche. Mara ya kwanza herufi zilivumilia. Mara ya pili pembe ya H iliinuka kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mara ya tatu hakuona chochote mpaka alipoichovya fulana majini, na H ikapanda juu ya povu, nyembamba, nyeupe, kama ngazi ya sisimizi. A ikaifuata.

Kwenye fulana kulibaki neno zima, safi, halina hata mkunjo. TUTASHINDWA.

Mama mkwe alilisoma. Akajifuta mikono, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na mlango uliofungwa polepole unatisha kuliko uliobamizwa.

Mtesa Fulana alikimbilia mashine. Akaiwasha, akangoja taa iwe kijani, akachovya vidole majini na kunyunyiza bamba. Upande wa kulia matone yalilia *tss* na kutoweka. Katikati, vile vile. Upande wa kushoto, kwenye pembe, tone lilikaa. Likatetemeka kidogo, likaendelea kukaa, halina haraka na mtu.

Miaka yote miwili! Pembe ya kushoto ilikuwa baridi. Na maneno yote huanzia kushoto. Kila HA aliyowahi kuichapa ilikuwa imebanwa na kona iliyokuwa inasinzia kazini. KARIBU, na K yake, vile vile. Mumewe alikuwa anatembea na ushahidi kifuani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemvalisha.

Dawa yake ni rahisi ukishajua: unabana mara moja, kisha unageuza fulana kichwa chini, unabana tena, ili kila herufi ipite kwenye moto. Lakini ni lazima herufi zilale siku nzima kabla ya kuona maji, na mechi ilikuwa kesho; hapakuwa na muda wa kuzipa mtihani. Hata hivyo akavuta ya kwanza kati ya zile kumi na moja zilizokunjwa mezani, akaweka karatasi ya kuokea juu yake. Kabla hajashusha mpini, mlango ukagongwa.

Saa saba. Wifi alikuwa amewahi, yuko na wachezaji wawili, mfungaji na mlinda goli, wote wanacheka.

"Tumeshindwa kungoja! Lete tuone!"

Fulana ya mtihani ilikuwa uani, chini ya ndoo. Kumi na moja mezani zilikuwa zinang'aa. Mfungaji akachukua moja, akaipima kifuani, akaruka juu. "Jamani! Tazameni herufi zilivyonona!" Wifi akaanza kuzipanga ndani ya mfuko.

Kichwani mwa Mtesa Fulana kulikuwa na sauti ndogo yenye akili sana. Ilisema: mechi moja haifui mtu. Watavaa kesho, watacheza, watapiga picha, watafua Jumapili kwa mara ya kwanza, na HA haitoki mara ya kwanza, inatoka ya tatu. Hapo Jumatatu itakuwa imepita na chumba ni chako. Nani atakulaumu? Ilikuwa ni sauti ile ile iliyomshauri miaka miwili iliyopita, na tangu wakati ule ilikuwa imeongeza elimu.

Wifi alifunga mfuko. Akaubeba begani. Akafika mlangoni.

"Rudisha," Mtesa Fulana alisema.

"Nini?"

"Rudisha, wifi. Hazijaiva." Akaenda uani, akainua ndoo, akaleta fulana ikidondosha maji, akainyoosha mbele yao wote watatu.

Mlinda goli alisoma midomo ikicheza, akashika kichwa. "Mungu wangu. Mbele ya washonaji?"

Wifi yeye uso wake ulifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: nyusi zilikasirika, midomo ikaanza kutabasamu kabla hajaizuia. "Mama!" aliita. "Mama, njoo! Imetoa aibu! Chumba changu!"

Mama mkwe alitoka. Alitazama fulana, akatazama mfuko, akamtazama binti yake.

"Zimeuzwa?"

"Ndiyo naondoka nazo..."

"Umetoka nazo mlangoni?"

"Bado, lakini..."

"Basi bado ni mambo ya ndani. Nilisema zikitoka. Aibu isiyotoka nje ni mazungumzo." Akamgeukia mkwewe. "Unaweza kuzitengeneza?"

"Naweza, mama."

"Atasema tu!" wifi alifoka. "Siku tisa alikuwa anasema! Mimi nikivaa kesho nitajuaje? Ifuliwe hapa hapa, mbele yangu. Mara kumi. Nafua mimi, na sigeuzi."

"Herufi zinatakiwa zilale siku nzima kwanza," Mtesa Fulana alisema.

"Zitalala Jumatatu, zikishahamishwa."

Kilichobaki ni kushusha mpini. Alichukua fulana moja kutoka kwenye mfuko, akaibana, akahesabu mpaka kumi na tano kimoyomoyo, akaigeuza kichwa chini, akabana tena. Akaiacha ipoe. Akaipeleka uani kwa wifi kama anayempeleka mgonjwa kwa daktari asiyempenda.

Walianza saa nane. Wifi alikunja mikono ya blauzi, akamwaga sabuni ya unga bila kupima, akachukua brashi. Msusi ana vidole vya chuma. Huvuta nywele za watu siku nzima wakiwa wanalia, na hasikii. Alisugua kifua cha fulana mpaka maji yakaruka kwa majirani. Suuza. Kamua. Anika. Robo saa juani, kisha mama mkwe anasoma kwa sauti, maana yeye ndiye aliyejiteua refa.

"HATUTASHINDWA. Moja."

Ya pili. Ya tatu, na hapo Mtesa Fulana alifumba macho, kwa sababu ya tatu ndiyo ilikuwa ya kifo.

"HATUTASHINDWA. Tatu."

Ya nne. Ya tano. Wachezaji wengine walianza kufika mmoja mmoja, wakapanga mstari ukutani, na kila mmoja aliyefika alisimuliwa upya kwa kunong'ona. Hakuna aliyecheka. Kwenye ya sita wifi alibadilisha mkono. Kwenye ya saba mlinda goli alipiga ukelele.

"H! Tazameni H!"

Chini ya mguu wa H palikuwa pamevimba. Uvimbe mdogo, kama lengelenge la maji moto. Wifi aliona, na kwa haraka ya mtu aliyeona mlango wazi akapeleka kucha.

"Ondoa!" mama mkwe alisema. Sauti iliyowahi kusimamisha wodi. "Tulikubaliana kufua. Kufua ni kiganja na brashi. Kucha ni hujuma."

"Lakini mama, inabanduka yenyewe!"

"Basi iache ijibandue yenyewe. Anika."

Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko miaka yote miwili. Watu kumi na wanne walisimama uani wakitazama mguu wa herufi moja. Jua likachoma. Uvimbe ukatulia, ukapungua, ukalala. Lilikuwa ni tone la maji tu, limejificha chini ya uzi uliochomoka.

"HATUTASHINDWA. Saba."

Ya nane wifi alifua akisaga meno. Ya tisa alikuwa anahema. Ya kumi, saa kumi na moja na nusu, alisugua kola mpaka ikachanika, akasugua pindo mpaka likafumuka, zambarau ikawa rangi ya maji ya beseni. Mama mkwe aliinyoosha kwa mikono miwili mbele ya timu nzima. Fulana ilikuwa imekwisha. Usingeitumia hata kufutia dirisha.

Alisoma polepole, kila silabi na nafasi yake. Alipomaliza akaikunja vizuri, ikiwa tambara vile vile, akampa mkwewe.

"Chumba ni chako, mwanangu. Sitakitaja tena." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe nenda kapumzike mikono. Kesho una mechi."

Mtesa Fulana hakulia. Alikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Baada ya muda akainuka, kwa sababu mezani kulikuwa na kumi za kubana upya, na mbili za kuchapa mpya badala ya marehemu wawili.

Mechi yenyewe haina hadithi. Wasusi waliingia uwanjani wanang'aa, kila kifua kimejaa tishio lake, na washonaji wakawafunga thelathini na nne kwa tisa. Wifi, mikono imekufa ganzi kwa kufua, aliangusha mpira mara sita. Kila ulipoanguka, mashabiki wa washonaji walisoma kifua chake kwa sauti moja, wakivuta silabi ya kwanza kwa furaha: "HAAA-tutashindwa!"

Jioni mume wa Mtesa Fulana alimkuta dada yake nyuma ya uwanja, peke yake, ameketi juu ya jiwe, fulana mapajani. Alikuwa anakwangua kwa kucha ya kidole gumba. Alikwangua H, akakwangua A, akajaribu na ufunguo wa nyumba. Akaiuma.

"Unafanya nini?"

"Nataka isome ukweli," wifi alisema, meno yakiwa bado kwenye kitambaa. "Haitoki. Haitoki kabisa, mshenzi huyu amebandika nini humu?"

Jumatatu asubuhi, kabla Mtesa Fulana hajafungua dirisha, palikuwa na mtu anangoja nje. Alikuwa nahodha wa washonaji, amesikia habari ya HA isiyotoka hata kwa meno. Walitaka fulana kumi na nne.